Bora Kichaa Kuliko Kobe

Siku waliponiaga hospitalini, mkubwa wetu alisimama na karatasi yake akasema kwamba Daktari Raya alikuwa mtu mpole, mtiifu, asiyegombana na mtu. Watu wakapiga makofi. Nikatazama huku na huku nimwone huyo Daktari Raya anayesifiwa, maana mimi simjui. Niligombana na wakubwa, na wenzangu, na jamaa za wagonjwa, na mashehe wawili watatu, na mara moja niligombana na dereva wa gari la hospitali mpaka akaniteremsha Bububu nikamaliza safari kwa miguu. Sijutii hata ugomvi mmoja, isipokuwa ule wa dereva, kwa sababu jua lilikuwa kali.

Basi nyinyi vijana mlioachiwa viti vyetu, haya nayaandika kwa ajili yenu kabla hamjaanza kuamini hotuba za kuagana. Vyeo sitavitaja, wala mishahara, ambayo hata nikitaja mtacheka. Nitasema juu ya kazi yenyewe: namna ya kumpa mtu jina la maradhi yake, na namna ya kukataa kulitia saini jina lisilo lake.

Nilianza kazi nimetoka masomoni na kitabu kikubwa cha uainishaji wa maradhi ya akili kwapani. Nilikipenda kitabu kile. Kila maradhi yalikuwa na namba yake, kila namba na dalili zake, na chini yake muda ambao dalili hizo lazima ziwe zimedumu. Nilikulia Malindi katika nyumba iliyojaa watu, viatu na vikapu, kwa hiyo kitu chochote kilichopangwa kilinivutia. Wodi ya wanaume ilikuwa chini ya Bi Subira, muuguzi mkuu, mwanamke mfupi wa Mlandege aliyefunga funguo kiunoni na kutembea bila kuzifanya zilie. Asubuhi ile kulikuwa na kijana ameletwa na jamaa zake, hasemi, anatazama ukuta. Bi Subira akaniambia nikawasikilize jamaa.

Mama yake akasema mtoto ana shetani. Kaka yake akasema ni bangi. Shangazi akasema karogwa kwa ajili ya mikarafuu ya urithi. Nikarudi kwa Bi Subira kifua mbele, nikampa jina la nne, la kitabuni, pamoja na namba yake.

"Vizuri," akasema. "Sasa ana majina manne. Analala saa ngapi?"

Sikujua.

"Anakula?"

Sikujua.

"Mwaka jana wakati kama huu alikuwa mtu gani?"

Nikamwambia hilo halimo katika maswali ya kitabu.

"Limo, mwanangu. Umeruka ukurasa."

Nikaenda kutazama, na limo kweli. Tangu siku hiyo nimewaona madaktari wengi wanaokisifu kitabu na wengi wanaokitukana, na aghalabu wote wameruka ukurasa ule ule.

Watu wa nje hudhani tuna kipimo tunachokificha. Hatuna. Hakuna damu ya kupimwa ikaonesha sonona, wala picha ya kichwa inayoonesha skizofrenia. Tunachofanya ni kuanza na mwili, kwa sababu mwili ni hodari wa kujifanya akili. Nilipata msichana wa Nungwi aliyekonda, hatulii, anatetemeka, usiku anazunguka ua, na kwao walikwisha kununua mbuzi wa kumpungia pepo. Ilikuwa tezi ya shingo. Mbuzi akaliwa kwenye harusi yake, alhamdulillahi. Mwili ukishatoka lawamani, ndipo tunauliza dalili zipi zimekuja pamoja, kwa muda gani, zimemharibia nini katika maisha yake, na je, watu wake wenyewe wanaliona jambo hilo ni geni? Mjane aliye edani akikwambia amemsikia marehemu mumewe akikohoa ukumbini, huyo si mgonjwa. Ni mjane.

Jina la maradhi ni kama anwani ya Mji Mkongwe. Linakufikisha mtaani, lakini mlango utauulizia mwenyewe. Na kitabu chenyewe kimesahihishwa zaidi ya mara moja katika umri wangu wa kazi. Yapo majina yaliyoingia, yapo yaliyotolewa, na mengine yalistahili kutolewa zamani. Wapo wanaosema kwa hiyo ni uongo mtupu. Mimi nasema kitabu kinachokubali kusahihishwa nakiamini kuliko mtu asiyekubali.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache: kurunzi ndogo, kinyundo cha mpira cha kupimia magoti, na viti viwili vya kimo kimoja. Hivyo viti nilivipigania. Nilikuta daktari anakaa juu na mgonjwa kwenye kistuli, kama mtu aliyeletwa kushitakiwa. Nikakiweka kistuli nje, wakakirudisha, nikakiweka nje tena, mpaka wakachoka wao. Mjini nako nilikuwa na vita vyangu. Walikuwepo waliosema sonona ni maradhi ya Wazungu, sisi tuna imani, kana kwamba imani ni chanjo. Shangazi yangu mwenyewe alininyima kumbeba mjukuu wake mchanga, ati nisije nikamwambukiza wazimu. Nilimwambia kama wazimu ungekuwa unaambukiza, basi nyumba ile ingekuwa imeambukizwa na yeye kitambo. Hatukusemezana mpaka Idi.

Sasa niwaeleze habari ya Mwalimu Haji, kwa sababu kama mtasoma kisa kimoja tu katika haya, nataka kiwe hiki.

Mwalimu Haji alikuwa akifundisha hesabu skuli moja huko Mkokotoni. Kwao ni Tumbatu, lakini mama yake alikuwa amehamia Mkokotoni na wakiishi nyumba moja, yeye, mama na mkewe. Nilimwona mara ya kwanza akiteremshwa kutoka kwenye pikapu siku chache baada ya Idi ndogo, amefungwa kamba mikono na miguu, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Haikuwa mara yake ya kwanza. Aliletwa hivyo hivyo mwaka uliotangulia, na uliotangulia huo. Daktari aliyempokea mwanzo alikuwa amemwandikia skizofrenia, maradhi ya akili ya kudumu, na tangu hapo alikuwa akichomwa sindano kila mwezi. Sindano ile ilimkaza mikono. Chaki ilikuwa inamdondoka darasani, na skuli ikahesabu kudondoka kwa chaki kuwa ni ushahidi mwingine wa ugonjwa. Wakubwa wa elimu walikuwa wamekwisha kuomba jopo la madaktari lithibitishe kwamba hafai tena kufundisha, maisha. Iliyobaki ilikuwa saini, na moja kati ya saini hizo ilikuwa yangu.

Mkewe, Bi Mize, alikuwa amekaa nje ya wodi na furushi la nguo mapajani. Nikamkalisha kwenye kiti changu cha pili.

"Bi Mize, haya yanamuanza lini?"

"Baada ya Idi, Bi Daktari. Kila mwaka."

"Baada ya Idi ndipo mnapomleta. Mie nakuuliza yanaanza lini."

Akafikiri. "Ramadhani alikuwa mzima. Zaidi ya mzima."

"Zaidi ya mzima vipi?"

"Halali. Tarawehe yuko safu ya mbele, watu wakirudi majumbani yeye kabaki anasali mpaka daku, na asubuhi halali tena. Na hachoki! Mwaka huu kawafuturisha mtaa mzima, kagawa kanzu zake zote, kabakisha moja. Akisoma Kurani watu wanalia. Mama yake anasema mwanangu kashushiwa nuru."

"Na maneno?"

"Mengi. Ya haraka, nnashindwa hata kumfuata. Kumi la mwisho la mwezi ndo akasema anawasikia malaika wanamwita kwa jina. Tukanyamaza, maana kumi la mwisho malaika hushuka, nani ajuaye?"

"Na miezi mingine?"

"Miezi mingine ni mume wangu," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Mnaona? Mtu asiyelala, asiyechoka, asemaye mbio, agawaye nguo zake, angefanya hivyo katika mwezi wa kawaida kama Mfungo Tano angeletwa hospitali kabla ya wiki kwisha. Katika Ramadhani aliombwa dua. Kosa hili halifanywi kila mahali duniani. Linafanywa na sisi, watu wa mwezi mtukufu, ambao tunakesha wote, kwa hiyo hatumwoni aliyezidi. Na hospitalini hatukuwa bora. Ramadhani tunafunga kliniki mapema, na hakuna jamaa anayetaka mtu wake alazwe mwezi ule. Wakimfikisha, kichwa cha maradhi kimekwisha kupita, tunaona mkia tu: makelele, sauti, kamba.

Kitabu kinasema waziwazi. Katika skizofrenia sauti hubaki hata hisia zikitulia, na mara nyingi mtu humomonyoka kidogo kidogo. Yako maradhi mengine, ya hisia kupanda na kushuka, ambayo mtu hupanda mpaka juu kabisa, na huko juu anaweza kusikia sauti, lakini akishuka sauti zinashuka naye, na katikati ni mzima kama mimi na wewe. Dawa zake ni nyingine. Mwisho wake ni mwingine. Mwenye haya anaweza kurudi akafundisha hesabu.

Jopo lilikaa. Tulikuwa mimi, afisa mmoja wa elimu, na mwenzangu Daktari Mansuri, ambaye alikuwa mkubwa wangu na mtu ninayemheshimu mpaka leo.

"Bi Raya, anasikia sauti," akasema Mansuri. "Anaamini kateuliwa. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kujua zilikuja lini. Kabla ya kukosa usingizi au baada?"

"Mke atasema lolote kumnusuru mumewe na kibarua chake."

"Na skuli itasema lolote kumwondoa."

Afisa wa elimu akakohoa. Mansuri akavua miwani yake akaipangusa, ishara kwamba anafikiri kweli. Hakuwa mjinga. Kwa aliyoyaona yeye, siku za mkia peke yake, alichosema kilikuwa sawa, na aliijua hatari ya kumpeleka mbele ya watoto mtu asiyepona.

"Basi tusigombane," akasema. "Ramadhani ijayo itakuwa shahidi. Ikipita naye yu mzima, nitalibadilisha jina mimi mwenyewe. Ikimwangusha, unatia saini."

"Natia saini," nikasema mbele yao wote, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa na hakika, lakini hakika ya daktari haina mshahara unaokatwa ikikosea. Anayekatwa ni mwengine.

Tukamwachisha sindano pole pole, tukamwanzishia dawa nyingine. Mikono ikalegea. Skuli wakampokea kwa shingo upande, na chaki ikakaa mkononi. Mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikikaribia, nikamwita, nikamkalisha, nikamweleza masharti. Mwaka huu utalala mara baada ya Isha, kila siku. Kukesha hakuna. Na hutafunga, kwa sababu dawa hii inataka maji mengi mwilini na kidonge kimoja unakimeza mchana na chakula. Utatoa fidia ya kulisha maskini kama wagonjwa wengine.

Alisikiliza kwa adabu zote, mikono magotini. Kisha akasema, "Bi Daktari, bora niitwe kichaa kuliko kobe."

Kwa wasio wa kwetu: kobe ni yule anayekula mchana wa Ramadhani kwa siri, kaficha kichwa ndani ya gamba lake.

"Shehe kasemaje?" nikamuuliza.

"Shehe kasema mgonjwa hana lawama. Lakini shehe hakai barazani kwetu. Kichaa watu wanamwonea huruma, Bi Daktari. Kobe anazomewa na wanafunzi wake."

Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, nilikasirikia kisiwa kizima. Wiki ile ile nikaenda Mkokotoni nyumbani kwake. Mama yake, Bi Mwanakheri, alikuwa mtu mzima wa kimo kirefu, na alikuwa ameshaambiwa.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba. Mwanangu hali mchana," akasema, hata sijakaa. "Toka ana miaka saba hajala mchana wa Ramadhani. Na weye unataka kumtoa nuru yake."

"Bi Mwanakheri, nuru gani inayofungwa kamba?"

Haji akainamisha kichwa. Mkewe akaingia ndani. Nilijua nimesema neno kali kwa mtu aliyenizidi umri, tena chini ya dari yake, na ningelisema tena. Mama akaniambia kwamba mvi zangu na mdomo wangu haviendani. Nikaondoka bila hata kikombe cha kahawa, jambo ambalo Mkokotoni si dogo.

Mwezi ukaandama. Bi Mize alikuwa akinipigia simu: analala, anakula, lakini kwa kujificha, mama hasemi naye. Sikutulia. Katikati ya mwezi nikachukua ruhusa nikaenda mwenyewe mchana, bila kutoa habari, kwa sababu mgonjwa anayetarajiwa hukaa sawa.

Nilipokata kona ya mtaa wao niliwaona kwa mbali. Bi Mwanakheri alikuwa amekaa kwenye baraza ya mbele ya nyumba, adhuhuri, mbele ya njia. Mwanawe kakaa ubavuni pake. Baina yao kulikuwa na sahani ya wali na kopo la maji, na Mwalimu Haji alikuwa anakula. Mtu mmoja aliyebeba mtungo wa samaki akasimama.

"Ala, Bi Mwanakheri! Mchana huu?"

"Mwanangu ana maradhi, anakunywa dawa," akasema bibi yule, na sauti yake ilifika kwangu na nyumba tatu mbele. "Mwaka jana alipofungwa kamba, weye ulishika ncha ya pili. Sikukusikia ukiuliza kama ni mchana au usiku. Pita!"

Yule bwana akapita na samaki wake. Nikakaribia. Bi Mwanakheri akanitazama juu mpaka chini, akapapasa baraza kwa kiganja.

"Karibu ukae. Umefunga, sikupi kitu."

Nikakaa. Haji aliendelea kutafuna, macho kwenye sahani, lakini aliendelea. Baadaye, alipoingia ndani kunawa, mama yake akasema bila ya kunigeukia, "Nlimkuta nyuma ya mlango anameza wali kama mwizi. Mtoto niliyemzaa mie. Moyo ukanikataa. Nkamwambia toka, tukae nje, waje waseme na mie."

Vijana, mimi nimepewa vyeti ukutani vya kunipongeza kwa juhudi. Nisikilizeni: dawa ile niliandika mimi, lakini aliyeifanya imezeke ni Bi Mwanakheri. Msije mkaandika mpango wa matibabu wenye dozi na saa mkakosa kuuliza mgonjwa atameza mbele ya nani.

Kumi la mwisho likaingia, likapita. Idi ikaswaliwa. Pikapu zikaanza kuja hospitalini kama kila mwaka, na kila moja niliitazama kutoka dirishani. Haji hakuwemo. Daktari Mansuri alisubiri wiki nyingine kwa hadhari, halafu akakaa akaandika kwa mkono wake jina jipya, akaniletea nisome. Karatasi ya kumtoa kazini haikupata saini yangu, na mpaka hii leo ninapostaafu haijaipata.

Mwezi uliofuata Mwalimu Haji alikuja kliniki peke yake, kanzu imepigwa pasi, kakaa kwenye kiti cha kimo changu. Nilimuuliza maswali yangu yote na akanijibu vizuri. Nilipofunga kalamu, hakuinuka.

"Bi Daktari, nna swali na mie."

"Sema, Mwalimu."

"Mwaka huu nimesali kama watu. Nimechoka kama watu. Nimesinzia kwenye rakaa. Zile sala za miaka ile, nilipokuwa nalia mpaka kanzu inarowa. Nilikuwa naona Mungu yu karibu nami hivi. Na zile nazo zilikuwa maradhi?"

Nilikuwa na kitabu mezani. Nilikuwa na miaka yote ile ya kazi. Najua dalili moja baada ya nyingine, najua mpaka wa maradhi uko wapi katika karatasi, na nimepigana na watu wazima kuulinda. Nikakiondoa kitabu mezani nikakiweka sakafuni.

"Usingizi uliokupotea ulikuwa maradhi," nikamwambia. "Sauti zilikuwa maradhi. Sala zako mie sina namba yake, na atakayekwambia anayo, mwambie aje nigombane naye. Zilipelekwa kwa mwenyewe, na mwenyewe hakuzirudisha."

Mwalimu Haji akajipangusa uso kwa ncha ya kanzu, akatazama saa ya ukutani, akainuka.

"Nnakwenda, Bi Daktari," akasema. "Nna kipindi na Kidato cha Pili, na hesabu za sehemu bado hawajazielewa."